Nilimkodi binti wa Assam awasikilize mawakala wangu Wabengali, sasa naogopa kupakia mzigo

Salaam wakuu.

Gharama yote: yuan 300, biriani moja, na usingizi. Nimehesabu mara mbili, haipungui. Naandika kilichotokea, chumvi mtaongeza wenyewe kwenye comments.

Nipo Guangzhou, natuma vitenge na mikoba Dar. Mawakala wangu wa cargo ni mzee mmoja na mpwa wake, Wabengali wa Chittagong, Bangladesh, ofisi yao mtaa wa Sanyuanli. Mzigo upo stoo kwao, bado kupakiwa.

Juzi wakanipunguzia bei ya CBM, yaani ya kila mita ya ujazo, bila mimi kuomba.

Hapo nikaanza kuogopa. Nikipunguziwa bila kubembeleza, huwa naangalia mlango uko wapi.

Tena wakawa wananong'ona kwa lugha yao mbele yangu.

Nikamkodi Rupali, mwanafunzi wa udaktari kutoka Assam, India. Kibengali anakijua, ni ndugu wa karibu na Kiassam chao. Makubaliano: kwa yuan 300 na biriani, ajifanye karani wangu, akae kimya, asikilize.

Tukakaa. Wale wakaanza yao. Mara WeChat yangu ikalia, ujumbe wa Rupali: "Kaka, hiki si Kibengali nilichozoea. Ni cha kwao Chittagong. Naambulia neno moja moja."

Kwa msioelewa: ni kama mtu wa Dar akae katikati ya Wangazija. Sauti unaijua, maana inakupita.

Mzee akamwangalia Rupali usoni, akamsemesha Kibengali cha kawaida. Na karani wangu akajibu!

Chai ikaletwa. Mzee Kibengali, binti Kiassam, wanaelewana, wanacheka. Mpwa akanigeukia kwa Kiingereza: "Brother, ungesema mapema una jirani yetu!"

Nilikuwa siwaelewi wawili, sasa siwaelewi watatu.

Kisha mzee akashusha sauti. Rupali akaacha kucheka.

Tulipotoka nje nikamuuliza, "Wamesema nini?"

"Mzee kanieleza shida yake kama mwanawe. Siwezi kuitoa."

"Inagusa mzigo wangu?"

Akageuka kuangalia mlango wa ofisi yao. Kisha: "Kaka, ingekuwa mimi, nisingepakia."

Nilichojifunza: mkalimani akishanyweshwa chai, si wako tena.

Kontena linaenda bandarini Nansha kesho asubuhi. Wateja wa Dar wameshalipa advance, na wakala mwingine anataka karibu mara mbili.

Wakuu mnaosafirisha kutoka huku, msinicheke kwanza. Niache wapakie, au nikautoe mzigo stoo leo hii?