Pini Nne Mgongoni mwa Nanjala

Admin, tafadhali weka hii bila jina langu wala la duka langu, maana Malava ni ndogo na watu wananunua mbegu kwangu. Nina miaka arobaini na moja. Ndoa yangu ilidumu miaka mitatu na sikujaliwa mtoto. Jioni nikifunga duka napika ugali wa mtu mmoja, nakula nikiangalia habari, na mara nyingi mtu wa mwisho kuongea na mimi huwa ni mteja wa dawa ya kupe. Watu husema ninaringa. Acha waseme. Ninachotaka kueleza leo sijawahi kumwambia hata padri.

Zamani nilikuwa mkimbiaji. Miaka kumi na miwili iliyopita nilienda ng'ambo na timu ya Kenya kwenye mashindano ya dunia ya riadha, mbio za kupokezana vijiti, wanawake wanne, kila mmoja mita mia nne. Nilikuwa na rafiki yangu wa Matete, nitamuita Nanjala. Tulifanya mazoezi pamoja tangu sekondari, tukala sahani moja, hata viatu tuliazimana. Mimi nilikuwa mkimbiaji wa tatu. Yeye alikuwa wa akiba.

Siku ya mchujo nilikimbia na tukafuzu. Asubuhi ya fainali kocha akaniambia nipumzike, Nanjala angechukua nafasi yangu kwa sababu wiki hiyo alikuwa na kasi kunishinda. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniuma. Nilikuwa nimeshampigia mama simu aende kwa jirani mwenye televisheni, na sikuwa na uso wa kumpigia tena.

Sasa, kulikuwa na kitu ambacho Nanjala hakukijua. Mkimbiaji wetu wa pili, yule wa kumpa wa tatu kijiti, alikuwa anatoka kwa moto lakini akikaribia mwisho miguu inamwishia. Ukimtazama unadhani amefika, kumbe bado. Dawa yake ni usimame pale pale, usisogee hata hatua, mpaka kijiti kiguse mkono wako. Mimi hilo lilinichukua miezi kulijua. Nanjala hakuwahi kupokea kijiti kutoka kwake hata siku moja.

Mchana huo nilikuwa namfungia namba mgongoni kwa pini nne. Akaniuliza bila kugeuka, "Huyu dada anaingianga aje?"

"Kawaida tu. Utaona," nikamjibu.

Ni hayo tu. Sikumdanganya sana, sikumtegea mguu. Nilimnyima sentensi moja, nikafunga pini ya mwisho na kumpiga bega kumtakia heri.

Mbio mliziona wengine wenu. Nanjala alianza kukimbia mapema, akaona mwenzake hajafika, akasimama, akageuka kabisa nyuma kama mtu aliyesahau mzigo. Kijiti kilikaribia kuanguka. Tukamaliza wa nne, na timu ya tatu ilitushinda kwa kifua tu. Nisiwafiche, moyo wangu ulifurahi kidogo. Furaha yenyewe haikufika hata jioni.

Tuliporudi nyumbani, Matete walimpa jina Kijiti. Akipita sokoni watoto wanaliita, wakubwa wanacheka. Aliacha kukimbia, akawa anauza mboga. Alinipigia simu mara nyingi mwanzoni na mimi nikawa sishiki, kwa sababu ningeshika niseme nini? Kutoka kwangu hadi kwake si mbali, lakini kwa miaka kumi na moja sikwenda. Mwaka jana aliugua akafa. Kwenye mazishi nilisimama nyuma karibu na migomba, nikaondoka kabla ya chakula. Tangu siku hiyo hii nyumba yangu imekuwa kubwa mno.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Nairobi. Vipimo vya zamani vimerudiwa, mmoja wa timu iliyokuwa ya tatu amepatikana alitumia dawa za kuongeza nguvu, na nishani ya shaba imekuwa yetu. Hata mimi niliyekimbia mchujo nitapewa yangu. Sherehe itakuwa hapa Kakamega mjini wiki mbili zijazo, na ya Nanjala itachukuliwa na binti yake, aliyemaliza kidato cha nne juzi.

Jumamosi huyo binti alikuja dukani. Sura ni ya mama yake, hata kusimama. Nikampa kiti, nikamimina chai mpaka ikafurika mezani. Akasema amekuja kwangu kabla ya wengine kwa sababu ya jambo ambalo mama yake alilirudia mpaka hospitalini.

"Anti, mama alisemanga dunia yote ilimlaumu, ni wewe peke yako hukuwahi kumlaumu. Alisema ulinyamaza juu ulimuonea huruma."

Kisha akafungua mfuko wa karatasi. Alikuwa na ile fulana ya fainali, imefuliwa na kupigwa pasi, namba imewekwa kando. Pini zangu nne zilikuwa kwenye kiboksi cha kiberiti, zimeanza kushika kutu. Anataka kuivaa siku ya kupokea nishani, na anataka mimi ndiye nimfungie namba mgongoni, vile nilivyomfungia mama yake. Nilisema sawa. Akanikumbatia, na mimi sikumbuki mara ya mwisho nilikumbatiwa lini.

Nikimwambia, nitampoteza mtu wa kwanza kuniita anti kwa miaka mingi, na nitamharibia siku yake. Nisipomwambia, nitasimama nyuma ya mgongo mwingine, na pini zile zile, na mdomo ule ule umefungwa.

Wasomaji, nitukaneni kama mnataka, nimestahili. Ila msinishauri ninyamaze, hiyo nimeshaifanya miaka kumi na miwili. Niambieni mtoto kama huyu anaambiwa kwa kuanzia na neno gani.