Swali Lililopelekwa Wizara ya Elimu

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Mihuri alipokea maswali ya wabunge, akayasoma, akaamua yaende wizara gani, kisha akayagonga muhuri. Wabunge walijidai kwamba wao ndio wanaoibana Serikali, na kweli sauti walikuwa nazo. Lakini swali lisilopita mezani kwake halikufika popote. Jina la Mama Mihuri alibandikwa na makarani wenzake kwa utani, naye akalipenda. Upendeleo hakuujua. Hata shemeji yake aliyeupata ubunge alipanga foleni kama wengine.

Siku moja likaja swali kuhusu shule ya mjukuu wake. Kiwanda cha ngozi kilimwaga maji machafu nyuma ya madarasa, na watoto walikunywa ya kisima cha hapo hapo. Binti yake, mama wa mtoto huyo, aliyeishi naye nyumba moja, ndiye aliyemganda mbunge mpaka akaliandika. Mtoto mwenyewe, wa miaka saba, alifungiwa maji ya chupa kila asubuhi. Lakini mtoto ni mtoto, chupa ikiisha anakwenda kisimani na wenzake. Tumbo lilikuwa limeshaanza kumsumbua.

"Hili la Mazingira," alisema karani wa meza ya pili.

"Mazingira wamejaa wiki tatu nzima. Elimu wana nafasi Alhamisi."

"Dada, ni wewe huyo? Wewe wa kuruka foleni?"

"Si ni shule? Basi ni Elimu."

Akagonga muhuri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupindisha utaratibu, na alipindisha kwa mapenzi.

Alhamisi waziri wa Elimu akasimama, akasema maji ya viwanda si yake, aulizwe mwenzake. Akaketi. Hata nusu dakika haikutimia. Na kanuni ni kanuni: swali likishajibiwa, hata kama ni kwa upuuzi, haliulizwi tena mpaka mkutano ujao wa Bunge. Miezi minne!

Mwezi wa tatu wa kungoja, mjukuu akafa. Hakuna namna ya kulisema hilo kwa upole, na sitaki kuitafuta. Mama Mihuri alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akarudi kazini, maana nyumbani viatu vya shule vilikuwa bado mlangoni na hakuna aliyethubutu kuviondoa.

Mkutano ulipofunguliwa, swali likaenda Mazingira. Siku ya majibu binti yake alikuja kukaa jukwaa la wageni, naye Mama Mihuri akaomba ruhusa akae kando yake.

"Mheshimiwa Spika," alisema waziri, "tulipolipokea swali hili hatukungoja leo. Wataalamu walikwenda, na siku ya tatu kisima kikafungwa."

Meza zikagongwa kwa shangwe. Kila karani anajua kwamba wizara ikipata swali hukimbia kurekebisha mambo kabla waziri wake hajasimama. Mama Mihuri alilijua hilo miaka yote, na katika ile haraka yake hakulikumbuka.

Binti akageuka. "Siku tatu tu, Mama? Sasa lile la kwanza nani alilipeleka Elimu?"

"Ni mimi, mwanangu. Nilitaka liwahi."

Binti akachukua mkoba wake, akahamia safu ya nyuma.