Rangi ya Udongo Chini ya Kidevu

Mama hakuacha picha nyingine ila ile ya kitambulisho. Ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, tena imepigwa kwa taa kali usoni, akaonekana kama mtu aliyeshtuliwa mlangoni. Baba alimtangulia kufa, naye akafuata wakati mdogo wetu wa mwisho hajaanza hata kutambaa. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la saba nikamfuata fundi mmoja wa mabango mjini Kisii, nikimsugulia kuta kabla hajapaka. Hivyo ndivyo brashi ilivyoingia mkononi mwangu, na mpaka leo ndiyo inayotulisha.

Nimepaka kuta za maduka mpaka Marani: vikombe vya chai vinavyotoa mvuke, vichwa vilivyonyolewa vizuri, kuku, ng'ombe wa maziwa. Nyuso za watu nazo nilizichora kama tulivyozoea mafundi wengi wa huku. Mtu akifariki, jamaa zake hutuletea kitambulisho, nasi tunaikuza ile picha ili itangulie mbele ya jeneza. Tunanakili uso, na bila kujua tunanakili pia ile taa ya kamera inayofuta kila kitu. Halafu, ili uso usiwe bapa kama sahani, tunatia nyeusi kando ya pua na chini ya kidevu. Sikuwahi kuona kasoro yoyote hapo. Mama wa Kihindi anayeniuzia rangi mjini alikuwa akinitania.

"Nyeusi tena, dada? Wewe unapaka watu ama unapaka sufuria?"

"Napaka watu, mama."

"Basi watu wako wamekaa jikoni sana."

Nilicheka, nikachukua mkebe wangu nikaenda zangu.

Juzi juzi mdogo wetu akapata mchumba kutoka Ikonge. Ilipojulikana kwamba wageni watakuja nyumbani kwetu Kiogoro kuzungumza mambo ya mahari, aliniomba kitu kimoja tu.

"Dada, wasinikute kama mtu aliyeokotwa. Nataka mama awe ukutani."

Nikamchora mama kwenye kipande cha mbao, kwa uangalifu wote nilio nao, nikiishika ile picha ndogo karibu na jicho. Nilipomaliza nilimwita mdogo wetu. Alisimama akatazama muda mrefu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Anaonekana kama nimemkosea." Kisha akasema, "Si kitu, dada. Tutamtundika hivyo hivyo."

Maneno hayo yalinichoma. Huyu ndiye mama pekee ambaye angemjua maishani, nami nilikuwa nimempa mama wa kumkaripia. Nilijaribu kuulegeza mdomo, nikautia tabasamu.

"Sasa anauza sabuni," mdogo wetu akasema, akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka.

Siku chache baadaye, mvua ya mchana ilikuwa imetoka kunyesha. Mdogo wetu alikaa kwenye kizingiti cha jikoni akichambua chinsaga, zile mboga zetu chungu, uteo ukiwa mapajani. Nilikuwa natoka kuchota maji jua lilipochomoza chini ya wingu na kuupiga ua wetu wote, ule udongo mwekundu uliolowa. Nikamtazama mdogo wangu, na ndoo ikanishinda.

Chini ya kidevu chake, pale pale ambapo mimi hutia nyeusi, palikuwa pamejaa mwanga. Udongo ulikuwa umelipokea jua na kulirusha juu, na taya lake lote lilikuwa na wekundu wa kaa linaloiva ndani ya majivu. Juu ya paji la uso kulikuwa na buluu, ya mbingu. Shavu lililoelekea mgombani lilikuwa na ukijani mwembamba, kama maji yaliyooshewa majani. Nilitafuta nyeusi kwenye uso ule, sikuiona popote.

"Usitikisike!"

"Kuna nyuki?"

"Hakuna. Tulia tu."

"Na mboga zitajichambua?"

Miaka yote nilidhani kivuli ni mahali ambapo mwanga umekwisha. Kumbe kivuli nacho huazimwa mwanga na udongo, na mgomba, na nguo aliyovaa mtu. Niligeuka nikautazama ukuta mweupe wa jirani, ukawa na zambarau upande wa chini. Mungu alikuwa akipaka hivi kila siku, nasi tunapita na ndoo zetu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama, akiwa amekaa kwenye kizingiti kile kile baada ya mvua. Pua yake nilikuwa nimeisahau. Ile rangi ya joto chini ya kidevu ilinirudia jinsi harufu ya nyumba inavyomrudia mtu.

Niliikwangua nyeusi yote ya uso wa mama pale kwenye mbao kwa tapentaini. Nikachukua rangi nyekundu ya sakafu, nikailegeza kwa manjano na nyeupe. Nikatafuta buluu iliyobaki nilipopaka bango la zahanati. Mdomo nikaurudisha kama ulivyo kwenye kitambulisho. Macho niliyashusha kidogo, kwa kuwa pale kizingitini mama alikuwa akitazama chini. Kila nilipoongeza rangi ya udongo kwenye taya lake, alisogea karibu, hata nikajikuta nimesimama wima kama mtoto aliyeitwa.

Mdogo wetu alikuja mikono imejaa unga. Akaisogelea mbao, akauliza polepole, "Anamtazama nani?"

"Wewe. Alikuwa akikulaza kwenye leso, miguuni pake, akichambua mboga."

"Mimi?"

"Wewe. Ukimvuta sketi."

Huku kwetu picha za marehemu hutundikwa juu, karibu na dari. Nikachukua nyundo nikasimama juu ya kiti.

"Shuka, dada. Huko juu atatazama vichwa vya wageni."

Akaketi sakafuni, akaegemea ukuta, akapapasa nyuma yake mpaka akapata mahali, juu kidogo ya kichwa chake.

"Piga msumari hapa."

"Wageni watashangaa."

"Washangae," akasema, asiondoke pale chini.