Shangazi Luan na Mawe ya Kabichi

Siku ya kwanza kumwona Shangazi Luan, alikuwa anatembea kinyumenyume. Alikuja hivyo kutoka lango la bustani mpaka kwenye kibanda changu cha kushonea viatu, akasimama kanipa kisogo, akasema bila kugeuka, "Fundi, kisigino cha kushoto kimelika."

Kutembea kinyumenyume si ajabu kwetu Siping, kaskazini mwa China. Asubuhi bustani hujaa wazee. Wako wanaopiga makofi, wako wanaojigonga migongo kwenye miti, na kina mama hucheza kwa mistari mbele ya kipaza sauti. Lakini hao wote tunawafahamu. Huyu alikuwa mgeni, mnene kidogo, mashavu mekundu, na kabla gundi haijakauka alikuwa ameshaniuliza kama mama yangu yu hai, anakula nini na presha yake ikoje.

Mtu asiyekujua akikuuliza habari za mama yako, ana kitu cha kuuza. Wazee wa mtaa wetu wameshauziwa mikanda ya sumaku, maji ya uzima, hata godoro la kuponya figo. Nikajibu, "Hajambo," nikainamia kiatu.

Kusema kweli mama hakuwa mzima. Theluji ilipokuwa inayeyuka alipigwa na kiharusi kidogo. Mdomo ulipinda siku kadhaa, kisha ukarudi. Daktari alituambia cha pili hakitakuwa kidogo, na kwamba vidonge peke yake havitoshi: atembee, apunguze mwili, na chumvi iondoke mezani. Mama akaitikia kwa adabu. Tulipofika nyumbani akafunua mtungi, akakata kabichi ya chumvi, akala na uji.

"Daktari yule ni mtu wa kusini," alisema. "Anajua nini?"

Shangazi Luan hakukata tamaa na jibu langu. Mzee Teng, anayecheza sataranji karibu na kibanda changu, alimwonyesha tunapokaa, na kesho yake nikasikia sauti chini ya dirisha: "Dada Gu, viatu vyako viko wapi? Jua halikungoji." Mama, ambaye mimi nilimbembeleza mpaka nikachoka, akavaa viatu.

Kiangazi chote walitembea pamoja. Mama akaanza kulala vizuri, na mkanda wa daktari ukaonyesha presha imeshuka kidogo. Ningepaswa kufurahi. Lakini kila Shangazi Luan alipoingia kwetu nilikuwa natazama mfuko wake, nikingoja chupa itoke.

"Itatoka tu," alisema Mzee Teng. "Yule wa sumaku naye alianza kwa kumwita mke wangu dada."

Haikutoka chupa. Vuli ikaingia, malori yakamwaga kabichi barabarani kama kila mwaka, na Shangazi Luan akaanza kukusanya mawe.

Kwetu kila nyumba hutia kabichi mtungini kabla ya baridi, na juu yake huwekwa jiwe la mtoni la kuikandamiza. Bila jiwe kabichi huelea na kuoza. Jiwe halinunuliwi. Mama mkwe humkabidhi mke wa mwanawe. La mama lilitoka kwa bibi yangu, ambaye hakumpa kitu kingine chochote cha maana. Jioni moja nikakuta mtungi mtupu na jiwe halipo.

"Nimempa Dada Luan," alisema mama. "Kaniambia, ukiwa na jiwe utatia kabichi. Huna jiwe, utatia nini?"

"Analipeleka wapi?"

"Sikumuuliza."

"Mama, lilikuwa la bibi."

"Bibi yako alikufa kwa kiharusi," alisema, akaendelea kumenya kitunguu saumu.

Niliposikia kwamba hata mke wa Mzee Teng ametoa lake, nikajua si jambo la bure. Mzee Teng akaniambia mjini kuna matajiri wanaonunua mawe ya zamani ya mtoni, wanayaweka juu ya vigoda na kuyatazama.

"Kuyatazama tu?" niliuliza.

"Wanakunywa chai na kuyatazama. Jiwe lililokaa kwenye chumvi miaka yote hiyo, wewe unadhani bei yake ni mchezo? Nenda kaulize. Mama ni wako."

"Na mke ni wako."

"Ndiyo maana siwezi kwenda."

Nilimjua mama. Akisikia kwamba shoga yake kauza jiwe, atamwacha yeye, na matembezi, na daktari, na atarudia chumvi kwa hasira, hata kama itamuua. Kwa hiyo nilitaka kujua kabla yake. Nikachukua viatu vya Shangazi Luan ambavyo nilikuwa nimemaliza kuvishona, nikamwambia mama navipeleka, nikaenda nyuma ya stesheni alikokaa.

Alifungua mlango kwa kiasi cha uso wake tu. Kabla hajasema neno harufu ilinifikia, na hakuna mtu wa kwetu asiyeijua harufu hiyo. Nyuma ya bega lake niliona roshani imejaa mitungi, na juu ya kila mtungi jiwe. La mama lilikuwa la pili, la kijivu, lina mstari mweupe kama mshipi. Mezani palikuwa na bakuli la wali na sahani ya kabichi ya chumvi imejaa. Vijiti vya kulia bado alikuwa navyo mkononi.

"Viatu ningevifuata mwenyewe," alisema.

Nilitazama mitungi tu.

"Ingia basi. Usisimame kama mdai."

Nikaingia. Akakaa, akala tonge moja kwanza, kisha akanitazama.

"Sema."

"Shangazi, presha yako wewe ikoje?"

"Mbaya kuliko ya mama yako." Alisema kama anayetaja bei ya viazi.

"Na unawakataza wenzako?"

"Kwani nimewadanganya? Daktari wenu kasemaje?"

"Kasema hivyohivyo."

"Basi. Miguu yangu inanitii. Ulimi haunitii. Mwaka juzi sikutia kabichi. Baridi yote nilikuwa mtu mzima ninayelia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mwaka huu nimesema, mimi nimeshindwa, lakini kina dada bado."

Nilihesabu mitungi kwa macho. Hata ulimi usiotii hauwezi kumaliza kabichi ile yote.

"Unauza?"

Akatafuna taratibu. "Kidogo. Kwa vijana wa stesheni. Hao presha hawana bado."

Hakuonekana kuona haya. Aliinuka, akalishika jiwe la mama kwa mikono miwili, akanipa. Lilikuwa na maji na baridi kali. "Chukua. Ni la kwenu."

Nikasimama nalo. Nikilifikisha nyumbani, mama atanituma kabichi kabla sijavua koti. Nikimweleza niliyoyaona, atasema, hata Dada Luan anakula, na mimi nitakosa la kumjibu. Mwanamke yule hakuwa mkweli, na mama alikuwa anaishi kwa sababu yake. Nikalirudisha jiwe juu ya kabichi, nikalikandamiza mpaka maji yakapanda.

Sasa yeye ndiye aliyekuwa ananitazama kwa shaka.

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Anajua nimekuletea viatu."

"Akiuliza ulichokiona?"

Mimi ni mzito wa maneno, na uongo kwangu ni mzito zaidi.

Wakati ule sikujua kwamba sitaonana naye tena. Wiki ile nililala na homa, kibanda kikafungwa, na nilipopona mwanawe anayekaa mji wa Dalian alikuwa ameshakuja kumchukua; Shangazi alikuwa ameanguka jikoni, upande mmoja umekufa. Mama alilia, kisha akavaa viatu akatoka. Bado anatembea asubuhi, na mtungi wetu ni mtupu.

Siku ile Shangazi Luan alinisindikiza mpaka mlangoni. Akatazama ngazi kama kuna mtu anasikiliza, kisha akanirudishia viatu vyake mkononi.

"Mwambie hukunikuta."