Sauti ya Dada Kwenye Trela

Dada yangu mkubwa ana banda umiza, banda la kuonyeshea filamu, pale Mpanda, nyuma ya soko: mabenchi, pazia jeusi na televisheni moja kubwa. Kabla ya kila filamu alikuwa akisimama mlangoni na kipaza sauti, akiinadi. Waigizaji hakuwataja. Alisema tu, "Kuna baba humu kaibiwa mtoto. Na anawajua waliomuiba. Nyie nendeni tu nyumbani mkalale." Watu waliokuwa wameshashika njia na nyanya zao mkononi waligeuza. Mimi nimesoma kompyuta chuoni, na mpaka leo sijaweza kumgeuza mtu hata mmoja namna hiyo.

Lakini simu zikamnyang'anya vijana wa mjini. Aliobaki akiwategemea ni wateja wa mbali, wa Mishamo na Litapunga, wanaokuja mjini baada ya mavuno, na hao kipaza sauti hakiwafikii. Siku moja nikakuta jembe jipya, halijatiwa hata mpini, limeegemezwa nyuma ya televisheni.

"Msimu huu mabenchi yakikaa tupu, nauza kila kitu, naenda kulima mahindi Mwamkulu," akaniambia.

Alisema kwa utulivu, mimi ndiye niliyeumia. Dada yangu, na mdomo ule, aende kuongea na mahindi!

Nikamtengenezea tovuti. Nilitumia API ya mtandao mmoja wa filamu: ukurasa wetu unapeleka jina la filamu ya Jumamosi, unaletewa trela yake, kile kipande kifupi cha kuionjesha, nayo inakaa palepale kwenye ukurasa, mtu anabonyeza na kutazama akiwa kwake. Dada akawatumia wateja wa mbali kiungo chake kwa simu. Nilivimba kichwa. Kisha mama mmoja wa Mishamo, mteja wa siku nyingi, akampigia dada simu.

"Mdogo wangu, nimeiona. Gari linaungua, mzungu analia. Sasa analilia nini?"

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikanuna.

"Zima sauti yao," akasema. "Weka ya kwangu."

"Dada, trela hazifanywi hivyo."

"Nani kakwambia? Fundi si wewe?"

Nikafungua maelezo ya kidirisha kinachoonyesha trela kwenye ukurasa nikiwa na hasira, natafuta sababu ya kumjibu kwamba haiwezekani. Kumbe inawezekana. Kidirisha kinapokea amri: nyamaza, anza, simama. Mtu akibonyeza, picha inaanza bila sauti, na sauti ya dada inaanza nayo.

Alirekodia jikoni, kajifunika blanketi kukwepa kelele za jogoo. Alianza na "Amahoro", salamu ya Kirundi, kwa ajili ya watu wa Mishamo, halafu akaingia moja kwa moja: "Huyu analia kwa sababu gari linaloungua ni la mdogo wake, na breki kazikata yeye mwenyewe. Ndani ya gari yuko nani? Jumamosi, saa tisa." Kisha, pale ambapo wenye trela walijaza ngoma na milipuko, yeye akanyamaza. Ule ukimya ulinisisimua mwili. Hakuna aliyemfundisha, na nilimwonea fahari hadi nikashindwa kumsifu.

Jumamosi baiskeli na pikipiki zilijaa mpaka barabarani. Filamu yenyewe ilikuwa imeshawekewa sauti ya DJ wa Dar anayeitafsiri kwa Kiswahili, kama filamu zetu zote. Haikwenda mbali, banda likalipuka kwa kelele za watazamaji.

"Mzimeni huyo! Tunamtaka yule wa kwenye simu!"

Kwa mara ya kwanza nilimwona dada akisita. Halafu akachukua kipaza sauti, nikazima sauti ya televisheni, akakaa juu ya ndoo kando ya kioo na kuisimulia filamu nzima; aliweza kwa kuwa huwa haonyeshi filamu asiyoitazama kwanza. Yule mama wa Mishamo alikuwa benchi la mbele. Lilipoungua gari akajifuta macho kwa kanga, akasema kwa sauti, "Ah, kumbe ndiyo maana analia!"

Waliokosa nafasi walisimama nje wakichungulia, na upepo ukawa unawafungia mlango. Walipoanza kulalamika, dada, bila kukatiza maneno yake, akaninyooshea kidole nyuma ya televisheni. Nikalichukua lile jembe, nikalikandamiza chini ya mlango ubaki wazi.