Kamati ya pengwini: safari ya meli tuliyoipanga kwenye korido, Rwambuzi

Salamu kwenu wakuu, wenye darubini na wenye macho matupu.

Nimeona humu watu wanaulizana namna ya kupanga safari ya nje kwenda kuangalia ndege. Wengine wanataka kwenda na meli kubwa ya kitalii, ile ya ghorofa nyingi yenye swimming pool. Majibu mengi ni mazuri: viza, lens, koti la baridi.

Nami nichangie, maana safari yangu ya kwanza ya namna hiyo ilipangwa mahali ambapo hamtadhani. Nikiongeza chumvi, Mama Dorika, mwenye nyumba wangu wa wakati ule, bado yupo hai na ana mtu wa kumsomea simu. Atanikosoa hapa hapa mbele yenu.

Twende.

Mimi ni wa Bunia, Ituri, mashariki mwa Kongo. Shule niliiacha mapema, miguu ilikuwa inaniwasha. Nimebeba magunia, nimeuza petroli kwenye chupa, nimechimba dhahabu nikapata matope. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua kilichopo, halafu nikaondoka. Watu waliniita Tembea.

Vita vya Ituri vilipofika mjini, nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Dorika, mtaa wa Rwambuzi. Mama alikuwa mjane, mtu wa ng'ombe tangu kwa baba yake. Kundi lake lilikuwa malishoni upande wa Nyankunde, na vita vililichukua lote.

Kilichomuuma kupita kiasi ni yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe. Zamani walikuwa wanatua hadi uani kwake. Ng'ombe walipokwenda, na wao hawakuonekana tena.

"Hata kwaheri hawakusema," alikuwa analalamika.

Basi akaanza kuuza karanga, na mimi kazi yangu ikawa kumtafutia karatasi za kufungia. Siku moja nikanunua furushi kutoka nyumba ya mfanyabiashara aliyekwisha kuhama. Ndani yake kulikuwa na kijitabu cha rangi, cha Kifaransa, kinatangaza safari ya meli kwenda bahari za baridi kuangalia ndege.

Sikulala mbali nacho. Kifaransa changu ni cha kuokoteza, lakini picha hazihitaji diploma.

Sasa, wakati ule risasi zikianza, watu wa uani wote tulikuwa tunakimbilia korido ya Mama, maana ina ukuta pande zote mbili. Tulikuwa wanne: Mama, mjukuu wake Furaha aliyefika sekondari, mimi, na Shabani, mchimba dhahabu aliyekimbia kutoka migodini, mtu wa swala tano na mdomo usiofungwa.

Mnakaa chini, magodoro yamesimamishwa mlangoni, hamjui mtakaa saa ngapi. Lazima muongee kitu. Nikatoa kijitabu.

"Huyu amevaa kama mutu wa kwaya ni nani?" Mama akauliza.

"Pengwini, Mama. Ndeke ya kule kwenye barafu." Kwetu ndege wa manyoya tunamwita ndeke.

"Anaruka?"

"Haruki."

"Sasa ni ndeke ya nini?"

Shabani akadakia: "Ni fonctionnaire wa serikali, Mama. Suti iko, kazi haiko."

Wakuu, tulicheka huku vioo vinatetemeka.

Mama hakuishia hapo. Alitaka kujua pengwini anakula nini, kama ananuka, na nani anamchunga. Nilipomwambia hachungwi na mtu, akatikisa kichwa: "Ndiyo maana wako wanasimama vile, wanangoja mwenyewe."

Kwetu watu watatu wakiwa na jambo moja, lazima iundwe comité. Hata ya kuchimba choo ina rais. Kabla risasi hazijanyamaza siku ile, tulikuwa na kamati ya safari. Mama Dorika présidente, bila upinzani. Furaha secrétaire. Shabani trésorier, yaani mweka hazina, kwa hoja kwamba ndiye pekee aliyewahi kugusa dhahabu. Mimi guide, kwa sababu nimefika Aru na Komanda, humo humo Ituri.

Tulibishana kila kitu. Upande gani wa meli una ndege wengi. Shabani alitaka kujua kibla itatafutwaje kama meli inageuka. Furaha aliogopa kutapika. Bei hatukuijua kabisa, maana ukurasa wa bei ulikuwa umeshafungia karanga na mteja ameondoka nao. Nadhani hiyo ndiyo ilitupa moyo wa kuendelea.

Lakini nyuma ya kijitabu kulikuwa na masharti ya msafiri, na Furaha akatutafsiria. Amka mapema. Usivae rangi kali. Chukua mzigo mmoja mdogo. Tembeeni kwa mstari, bila kelele. Kiongozi akiinua mkono, wote mnasimama kama mti.

Mama aliyapenda masharti hayo kuliko picha. Alikuwa mtu wa nidhamu. Kila palipotulia alitupitisha mazoezi uani, kutoka jikoni hadi kisimani, kwa mstari. Anainua mkono, tunaganda. Shabani akikohoa, tunaanza upya.

"Trésorier, weye utafukuza pengwini wote!"

"Samahani, Madame la présidente. Vumbi."

Majirani walidhani tumerukwa na akili. Kwa hali ya mtaa siku zile, hakuna aliyeshangaa sana.

Halafu ikafika siku jirani wa ng'ambo alipita na watoto na godoro, bila kusimama. Alisema wapiganaji wanarudi, na safari hii watapita nyumba kwa nyumba. Hadi mchana nusu ya mtaa ilikuwa imehama.

Mama Dorika akagoma.

"Nilikimbia mara moja, nikiwa musichana," alisema. "Nilibeba sufuria kwa kichwa. Kule tulikofika hakuna mutu aliuliza jina langu. Wee mukimbizi, kuya hapa. Wee mukimbizi, toka pale. Jina langu lilipotea mupaka nilirudi. Sitakimbia tena. Wakuje tu."

Furaha akalia: "Koko, kama unabaki, na mimi nabaki."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Furaha hakuwa anatania. Bibi akibaki, mjukuu anabaki, na sote tulijua nyumba kwa nyumba maana yake nini kwa binti wa umri ule. Nilibembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena. Mama alikaa juu ya kigoda akichambua karanga.

Ndipo Shabani akaingilia. Akasimama, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni.

"Madame la présidente," akasema, "hakuna mutu amesema kukimbia. Siye tunauliza tu: tarehe ya safari ni lini?"

Mama akaacha karanga. "Nani amepanga tarehe bila kuniuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana tunauliza."

Alimtazama. Akamtazama Furaha. Mimi nikatazama chini, maana ningecheka au ningelia, na vyote viwili vingeharibu.

"Kesho," Mama akasema mwishoni. "Mapema. Ndeke hailali mupaka jua."

Alfajiri alitukagua mmoja mmoja. Mimi nikavuliwa shati jekundu. Shabani akaambiwa aache redio. Furaha akapunguziwa mzigo mara mbili. Yeye mwenyewe alivaa kitenge cha zamani kilichofifia rangi, akafungasha karanga na kijitabu. Sufuria kubwa aliiinamisha jikoni, akaiacha.

"Sufuria inabebwa na wakimbizi," akasema, akatangulia.

Tulielekea ziwani, ziwa la mpakani na Uganda, upande wa Kasenyi. Ni mbali kwa miguu. Barabara kuu tuliiacha, tukafuata njia za ng'ombe ambazo Mama alizijua tangu utoto. Mstari mmoja, bila kelele, kama uani.

Mahali fulani kwenye majani marefu Mama akainua mkono.

Tuliganda. Hata Shabani.

Na tukiwa tumeganda vile, mbele yetu kidogo tu, njia yetu inapokatana na nyingine, wakapita wanaume wenye bunduki. Wengi. Walikuwa wanaongea kwa sauti, wamebeba vitu vya watu. Tungekuwa tumesogea kidogo zaidi tungekutana nao uso kwa uso. Walipita, sauti zikapotea, na Mama bado mkono uko juu.

Alipoushusha, nikamnong'oneza: "Mama, uliwaona namna gani?"

"Nani?"

"Wale wenye bunduki."

"Bunduki gani? Hukuona ile ndeke nyeusi, mukia murefu, inaruka kama kitambaa imetoroka kamba? Ilikuwa juu ya jani pale. Wale watu wako wameifukuza!"

Wakuu, ninaapa. Aliinua mkono kwa sababu ya ndege. Mpaka leo ukimwambia alituokoa, anakujibu kwamba hakuona vizuri mkia.

Karibu na mteremko wa kuteremkia ziwani hapakuwa na njia ya pembeni. Kulikuwa na kamba imefungwa barabarani na vijana wawili wenye silaha.

"Munaenda wapi, wamama?"

Mimi na Shabani tukamezwa ndani ya neno wamama. Mama Dorika akajibu bila kupepesa: "Kuangalia ndeke."

Kijana alidhani amesikia vibaya. Mama akamtolea kijitabu, akakifungua kwenye pengwini. Wale vijana wakainamia pamoja.

"Hii iko ndeke ao iko muntu?"

"Ni ndeke. Haruki."

"Kama haruki, kwa nini wasimukamate?"

"Mukamate nani, na amevaa suti?" Shabani akasema. Mmoja akacheka mpaka akaegemea mwenzake, na kwa muda ule walikuwa watoto wa watu tu. Kamba ikashushwa. Ushuru wetu ulikuwa kijitabu. Mama alikitoa kwa uchungu, lakini alikitoa. Tulipogeuka nyuma, walikuwa bado wanafunua kurasa.

Tulilala njiani, kesho yake tukafika ziwani. Meli yetu haikuwa na ghorofa. Ilikuwa boti ya mbao yenye injini inayokohoa kuliko Shabani, imejaa watu, mbuzi na magodoro. Mwenye boti alitaka nauli ambayo hatukuwa nayo. Shabani akachana kola ya shati, ile aliyoifunga hadi shingoni, akatoa punje ya dhahabu. Hapo ndipo tulipojua kamati ina mweka hazina kweli.

Upande gani wa meli una ndege wengi? Wa kushoto. Haki ya Mungu tuliulizana, tukahamia kushoto, mwenye boti akatufokea turudi katikati.

Tulipokaribia ng'ambo, Uganda, maji yakawa na matete. Injini ikapunguzwa. Watu walikuwa wamechoka, watoto wanalia, wengine wanagombania nafasi.

Mama akainua mkono.

Sijui ni kwa nini, lakini boti nzima ilinyamaza. Hata wale wasiomjua.

Kwenye matete alisimama ndege wa kijivu, kimo cha mtoto wa shule, mdomo mnene kama kiatu cha mbao. Hakusogea. Alitutazama kama mtu aliyeambiwa tutakuja na tumechelewa. Halafu akainamisha kichwa polepole, akakiinua.

"Huyu hakukuwa mu karatasi," Mama akanong'ona.

Miaka baadaye nilijua kwamba watu wanavuka bahari na kamera za bei kubwa kumtafuta ndege yule, na wengine wanarudi bila kumwona. Sisi alitupokea.

Nchi kavu kulikuwa na bwana mmoja anaandikisha wanaofika. "Wakimbizi wangapi?" akauliza.

"Hakuna," Mama akasema. "Tuko watalii wanne."

Yule bwana alimtazama miguu yenye vumbi. Alikuwa na uso wa upole. "Mama, mtalii hapa analipa. Mkimbizi anapewa blanketi."

Mama alifikiri. Nilimwona anafikiri. Nyuma ya yule bwana, kwenye nyasi za ufuko, kulikuwa na ng'ombe wa watu wa kule, na katikati ya miguu yao, weupe kama maziwa, yangeyange. Aliwatazama muda mrefu.

"Kumbe muko huku," akawaambia.

Halafu akamgeukia yule bwana: "Andika hiyo ya blanketi. Lakini mbele ya Dorika, weka Présidente."

Akaandika. Na kila mara majina yaliposomwa kambini, ndivyo yalivyosomwa. Muda wote tuliokaa kule, hadi siku aliyorudi Rwambuzi, sikumsikia mtu hata mmoja akimwita mukimbizi. Watoto wa kambi walikuwa wanamwamkia "Shikamoo Présidente" bila kujua ni rais wa nini.

Leo ana ng'ombe wachache tena. Yangeyange wanatua uani. Anawaambia wageni kwamba alikwenda kuwachukua nje ya nchi.

Nilichojifunza, kwa wanaopanga: lens nunueni, viza tafuteni, lakini zoezi fanyeni uani kwenu kwanza. Shati jekundu liacheni. Na ukiwa na mzazi anayekataa kuondoka mahali pa hatari, acha kumwambia akimbie. Mpe cheo, halafu muulize tarehe.

Mimi nimezurura sana tangu hapo. Meli ya ghorofa nimeiona mara moja, Mombasa, nikiwa nje ya geti. Pengwini bado.

Karibuni mchangie. Présidente ameniagiza niwaulize waliomwona pengwini kwa macho: ananuka? Na ni kweli hana mchungaji?

Bei ya ile meli, mwenye kuijua, tafadhali asiiandike hapa. Kamati bado inaendelea.