Nilivyouza red eye kwa maandazi bwenini

Wakuu, nawasalimu kutoka Mukuyuni, niko home kwa midterm. Hii story sijaitia chumvi. Natamani ingekuwa ya uongo.

Niliuza ugonjwa wa macho. Bei ilikuwa mandazi moja.

Niko Form Three, boarding, upande wa Mwingi. Maji huko huletwa na lori, so asubuhi tunanawa uso watu wanne kwa beseni moja.

Siku moja nikaamka jicho la kushoto limegandana kama bahasha. Nikalibandua na kidole. Jekundu, usaha kwa pembe.

Mnadhani wasee walinihurumia? Walinionea wivu. Mwaka jana wenye red eye walitumwa home wiki nzima, na CAT ya hesabu, ule mtihani wa katikati ya muhula, ilikuwa inakuja.

Basi nikafungua biashara. Lete mandazi ya saa nne, jipanguse macho na taulo yangu. Wateja saba. Mmoja alirudi kulalamika haijashika, nikampa ya pili bure. Customer care, wakuu.

Mutua, wa kitanda cha chini, alikataa. Huyu anaona na jicho moja tu, lingine lilidungwa na mwiba akichunga mbuzi za kwao.

"Endelea na duka yako," akaniambia. "Hii yangu haina spare."

Nikacheka. Sikukumbuka kuwa mimi na yeye tunanawa beseni moja.

Siku ya tatu nikasikia sauti kutoka chini, "Buda, stima zimepotea?"

Jua lilikuwa limejaa dirishani.

Nikamshika mkono mpaka kwa nurse wa shule. Huko nikapata wateja wangu wote kwa foleni, hasira tupu. Deputy principal alikuwa amesema hakuna mtu kwenda home kupelekea mamake bacteria. Wakataka maandazi yao.

Nurse alimwosha Mutua pole pole na pamba na maji ya kuchemshwa, akampaka dawa ya tyubu. Akasema jicho lisipofunguka kufikia kesho, anapelekwa hospitali kubwa.

Hiyo siku nilimpeleka choo, nikamshikia sahani. Hakunitukana hata kidogo. Heri angenitukana.

Asubuhi likafunguka. Kitu ya kwanza aliona ni mimi, nimeinama juu yake.

"Aiya," akasema, "nifungeni jicho tena."

Wakuu, nilienda nyuma ya bweni nikalia kidogo. Msiniulize.

Nilichojifunza: taulo ni kama mswaki, haiazimwi. Maji jimwagie kwa mikono, achana na beseni ya umma. Jicho likiwasha enda kwa nurse, sio sokoni.

Na nyinyi mlikwepa CAT na ugonjwa gani? Ungameni hapo chini, mimi si deputy.

Jana nilimwambia mathe kila kitu. Alimaliza kwanza kuchagua ndengu. Kisha:

"Nilidhani nimekununulia taulo, kumbe nimekufungulia duka. Jumatatu unarudi na mbili. Ile mpya ni ya Mutua."